Gari Jekundu na Mzigo wa Ronge

Gari lilikuwa jekundu, fupi kama kiatu, na nyuma lilikuwa na mlango mpana ulioinuka juu pamoja na kioo chake. Nililinunua Mombasa mwanzoni mwa miaka ya themanini, kutoka kwa mhandisi mgeni aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao. Halikuwa jipya. Rangi ya paa ilikuwa imepauka kwa jua, na kiti cha dereva kilikuwa kimechanika pale mguu unapopita. Lakini injini ilikuwa kubwa kuliko mwili, na ukikanyaga mafuta mgongo ulibanwa kitini kama umesukumwa na mkono wa mtu. Siku hiyo niliendesha hadi Voi bila redio, kwa kuwa haikuwepo, na sikuikumbuka.

Tamaa ya gari la namna hiyo ilianzia mbali. Nilipokuwa mdogo, miaka ya sitini, magari ya mashindano yalipita milima yetu wakati wa Pasaka. Baba alitupeleka ukingoni mwa barabara mapema, tukakaa juu ya jiwe na viazi vya kuchemsha mfukoni. Gari likisikika kona ya chini, baba alinishika kola ya shati. Lilipita, mawe madogo yakaturukia miguuni, na sote tukawa wekundu kwa vumbi mpaka kope. Kwa siku kadhaa baadaye hakuna mtoto wa Ronge, kijiji chetu, aliyetembea. Tulinguruma.

Nilipolinunua langu baba alikuwa ameshatutoka. Mimi nilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, ninaishi Voi katika nyumba ya serikali yenye chumba kimoja na veranda, na kazi yangu ilinipeleka kwenye malisho ya Kishushe na gari la ofisi. Mama alibaki Ronge, juu mlimani, na dada yangu mdogo.

Jumamosi ya kwanza nilipanda kwenda kulionyesha. Mama alitoka jikoni akifuta mikono, akalizunguka mara mbili bila neno.

“Milango ni miwili tu?”

“Miwili, mama. Wa kukaa nyuma, kiti hiki kinalala, unapita hapa.”

“Kama mbuzi,” alisema.

Dada yangu alicheka hadi akashika ukuta. Mama hakucheka. Ila nilipouinua ule mlango wa nyuma na kumwonyesha nafasi iliyokuwa ndani, uso wake ulibadilika. Aliingiza kichwa, akapima kwa mkono kutoka ukuta hadi ukuta, kisha akaenda shambani na panga.

Kwetu mtu hateremki nyika mikono mitupu. Watu wa mlimani waliwahurumia watu wa Voi. Waliamini kwamba huko chini mtu hununua hata jani la kabichi, na kwamba mtoto aliyepata kazi huko yuko katika njaa ambayo anaificha kwa heshima. Kwa hiyo siku ile buti ilijazwa. Kwanza mkungu wa ndizi, aliousimamisha upande wa kulia na kuuegemeza kwenye ukuta wa gari, vile vile alivyouegemeza kwenye ukuta wa jikoni. Kisha nduma, magimbi ya kwetu, ndani ya gunia, kabichi za kuzuia mkungu usianguke, na miwa iliyokatwa ipite juu ya kiti cha nyuma. Mwisho vilikuja vifurushi vya majirani kwa watoto wao, na ujumbe wa mdomo unaoandamana na kila kifurushi.

Siku hiyo gari halikusumbua. Nililijaza mafuta Mwatate, nikaingia Voi nikiimba.

Safari ya pili ndipo lilipozima. Nilikuwa nimeshashuka mlima, nimepita Mwatate bila kusimama, nimemaliza mashamba ya mkonge na mistari yake iliyonyooka. Zilibaki kilomita chache kufika Voi. Injini ilipiga chafya, ikapiga ya pili, ikanyamaza. Niliteremka. Saa saba mchana, jua lile la kwetu ambalo halina upande wa kujificha. Nilifungua boneti nikatazama kama watu wote wanavyotazama. Spana zilikuwa chini ya sakafu ya buti, pamoja na gurudumu la akiba, hivyo nilitoa mzigo wote nikaupanga kando ya barabara mpaka ukaonekana kama kibanda cha soko. Mwendesha baiskeli mmoja alisimama akauliza bei ya ndizi. Nilikaza kila nati niliyoiona, nikajaribu ufunguo, na gari likawaka mara moja, safi, kama kwamba lilikuwa likinitania.

Jumatatu nililipeleka kwa fundi. Alikuwa Mswahili wa Mombasa aliyehamia Voi na reli, mtu wa kofia safi na mikono michafu, na uwanja wake ulikuwa karibu na stesheni. Aliniita daktari, na alilitamka neno hilo taratibu ili nijue kwamba anajua mimi ni wa ng'ombe.

“Joto tu hilo, daktari,” alisema. “Petroli yachemka ndani ya pampu, yageuka mvuke. Gari hili limezaliwa penye theluji, nawe umelileta Voi. Chukua kitambaa, kilowanishe, kifunge hapa.”

Nilifunga kitambaa. Nikaanza pia kuandika, kwa sababu ndiyo njia niliyofundishwa kazini. Ng'ombe hasemi anaumia wapi. Unauliza amekula nini, amekunywa wapi, amelala na nani, unaandika, na ugonjwa unajitokeza wenyewe katika mistari. Nilichukua daftari la ofisi lililobaki kurasa, nikachora safu: siku, njia, saa, joto, kasi, waliomo ndani ya gari. Kila safari niliijaza jioni hiyo hiyo. Nilikwenda Taveta na kurudi, kwa saa nane mchana, bila chafya moja. Nilikwenda Kishushe Jumapili moja, kwenye ile njia ya mawe ambapo ukikutana na gari jingine mnasimama kusalimiana. Niliporudi, kitasa kimoja kilikuwa kimeanguka lakini injini ilikuwa nzima.

Kisha nikapanda Ronge, na wakati wa kurudi likazima. Mahali palikuwa karibu pale pale.

Fundi alibadilisha koili. Likazima tena. Akabadilisha pointi na plagi, akafungua kabureta zote mbili akazipanga juu ya gazeti. Alizifuta kwa uangalifu wa mtu anayesafisha vikombe vya wageni. Mwezi uliofuata nilimteremsha mama kwenda kliniki ya macho Voi. Lilizima naye ndani. Alikaa ametulia, mikono juu ya mkoba, na niliporudi kutoka kwenye boneti alisema, “Hii gari hainitaki.”

“Si wewe, mama. Ni joto.”

“Ukienda Taveta hakuna joto?”

Nilitoa mzigo kufikia spana, nikakaza nilichokaza, likawaka.

Nilipomwonyesha fundi daftari alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akapanda nami hadi Mwatate na kurudi, saa sita juu ya alama. Tulikwenda kwa kasi ambayo nisingependa mama aijue. Gari halikukohoa. Alishuka, akafuta mikono.

“Gari ni zima. Ndwele i kwa mwenyewe.”

“Nimeandika kila kitu.”

“Umeandika. Na kila linapozima watoka kwa mamako. Gari lina wivu hilo, daktari. Litafutie mke mwenzake.”

Wale waliokuwa uwanjani walicheka wiki nzima. Ningecheka nao, lakini dada yangu alikuwa ameshaposwa.

Mchumba wake alikuwa mkulima wa Rukanga, chini ya mlima Kasigau, mtu mpole ambaye mama alimpenda kwa sababu alikula vizuri. Ilikubaliwa harusi ifungwe katika kanisa la kwao. Mchungaji alikuwa mmoja na makanisa yake yalikuwa mengi. Siku hiyo alikuwa na harusi nyingine mbali na hapo, na alikuwa ametuma neno kwamba akifika saa tano hakuna bibi harusi, atasali na waliopo aende zake. Kutoka Ronge ungeshuka hadi Mwatate, upite Voi, ufuate barabara ya Mombasa hadi Maungu, kisha uingie barabara ya udongo iliyopita vichakani hadi Rukanga. Katika hiyo ya mwisho magari yalikuwa machache, na ndovu hawakuwa wachache.

Baba hayupo, kwa hiyo wa kumfikisha dada kanisani na kumkabidhi nilikuwa mimi.

Wiki mbili kabla, dada alinifuata nilipokuwa nikiosha gari.

“Kaka, tukodi gari pale Voi. Wapo wenye magari makubwa.”

“Una gari hapa.”

“Nina gari hadi karibu na Voi,” alisema. “Rukanga iko mbele ya Voi.”

“Nitakufikisha.”

Alinitazama. Alikuwa na macho ya baba. “Sawa. Lakini ukiniacha porini na gauni, nitakuja kukaa kwako Voi mpaka nizeeke, na utanilisha.”

Ingefaa ningekubali lile gari la kukodi. Najua sasa. Lakini nilikuwa kijana, na nilikuwa nimeliona jambo hilo kichwani mara nyingi: gari jekundu likiingia Rukanga na vumbi lake nyuma, dada ndani, na mimi nashuka kumfungulia mlango kama ambavyo baba angefanya. Nilimrudishia fundi gari likae siku tatu. Aliosha tangi, akaweka chujio jipya, akaapa kwamba limepona.

Asubuhi ya harusi mlima ulikuwa na ukungu. Kwaya ilikuwa imeondoka jana yake kwa lori, na wazee pamoja nayo, hivyo ndani ya gari tulikuwa watatu. Dada alipita nyuma ya kiti kilicholala, kama mbuzi, akilivuta gauni jeupe nyuma yake kidogo kidogo. Lilijaa kiti chote. Kando yake tuliweka sanduku lake. Mama alivaa vitenge vipya vya rangi ya zambarau ambavyo alikuwa amevihifadhi tangu Krismasi, akakaa mbele.

Lakini kabla ya kukaa alikuwa amejaza buti. Mkungu wa siku hiyo ulikuwa mkubwa kuliko yote niliyopata kuona shambani kwake. Aliutunza kwa miezi akiufunika kwa majani makavu, na hakumwambia mtu ni wa nini. Aliukata alfajiri ile ile na utomvu bado ulikuwa unadondoka. Aliuegemeza pale pale, kulia.

Tulishuka vizuri. Ukungu ulibaki juu, tukapita Mwatate, mkonge ukaanza. Nilikuwa natazama kila kilomita kama mtu anayepita nyumba ya mdai wake. Tulipokaribia Voi gari lilipiga chafya moja. Likapiga ya pili tukiwa tunaingia kituo cha mafuta. Mshale wa mafuta ulikuwa chini kidogo, nikajiambia ni hilo tu. Tulijaza. Likaondoka kwa nguvu, tukashika barabara ya Mombasa, na hadi tulipoona nyumba za Maungu lilikuwa linaimba. Dada yangu naye alikuwa ameanza kuimba, nyimbo za kwaya, sauti ya pili bila ya kwanza.

Tuliingia njia ya udongo. Kasigau ulikuwa mbele yetu, wa buluu, peke yake. Kinyesi cha ndovu kilikuwa kibichi katikati ya njia. Tulikuwa tumekwenda kilomita kama kumi pale chafya ilipokuja, na ya pili, na ya tatu, na gari likajiburura hadi likasimama. Wimbo ulikatika.

Nilisikia chuma kikipoa, tik, tik. Saa yangu ilisema saa nne kasoro robo.

“Kaka,” dada alisema nyuma yangu, sauti ya kawaida kabisa, “utanilisha nini huko Voi?”

Nilitoka nikafungua boneti. Kitambaa kilikuwa bado kimelowa. Niligusa koili, ilikuwa vuguvugu tu. Mama alishuka, akasimama kando yangu, na badala ya kutazama injini alitazama vichaka.

“Ndovu wananusa ndizi,” alisema.

“Najua, mama.”

“Mafuta yamo?”

“Tumejaza Voi sasa hivi. Uliona.”

“Nimeona akitia. Sijaona kama yamo.”

Mama alikuwa hivyo. Chungu kikifunikwa hakuamini kilichomo mpaka afunue. Ili nimridhishe nilienda kwenye kifuniko cha tangi nikakizungusha. Kilikuwa kigumu, kikakataa, kisha kikaachia, na tangi likavuta pumzi.

Sina namna nyingine ya kulieleza. Lilivuta hewa kwa mlio mrefu, fyuuu, kama mtu aliyezamishwa majini na kuachiliwa. Nilikuwa nimesikia mlio unaofanana na huo mara nyingi kazini, kinyume chake: ng'ombe aliyevimba tumbo ukimtoboa ubavuni, hewa hutoka hivyo. Hii ilikuwa inaingia. Nilisimama na kifuniko mkononi. Tangi lilikuwa na njaa ya hewa. Petroli ilikuwa inatoka, hakuna kinachoingia mahali pake, na kidogo kidogo pampu ilikuwa inavuta dhidi ya tangi lililofumba mdomo. Kama kilomita arobaini hivi, na basi. Ronge hadi karibu na Voi. Voi hadi hapa. Na Voi kabla ya kujaza lilikuwa limeanza kupiga chafya, kisha mtu wa kituo akafungua kifuniko, katika kelele za malori, na mimi sikusikia.

Nilitazama kifuniko. Hakikuwa na tundu. Basi lilikuwa linapumulia wapi?

“Mama, tutoe mzigo.”

“Spana?”

“Si spana.”

Tulitoa nduma, tukatoa kabichi, na mwisho mkungu, ambao mama hakuniruhusu kuushika peke yangu. Upande wa kulia, pale ukuta wa buti unapokutana na uvimbe wa gurudumu, zulia lilikuwa na madoa meusi ya utomvu wa ndizi. Jipya lilikuwa bado linanata, mengine yamekauka, yote mahali pamoja kama mihuri ya posta. Nililivuta zulia. Nyuma yake kulikuwa na mpira mwembamba uliotoka kwenye tangi kwenda juu. Ulikuwa umelala bapa, umebanwa na kitako cha mkungu, na nilipougusa kisha nikanyanyua kidole ulianza kujirudia duara polepole.

Nililirudia daftari kichwani, pale pale barabarani. Siku, njia, saa, joto, kasi, waliomo. Nilikuwa nimemwandika mama. Nilikuwa nimeandika hata siku niliyompa lifti mwalimu wa Mwatate. Ndizi sikuziandika hata mara moja. Haikunijia kwamba ni kitu cha kuandikwa, kwa sababu kwetu mzigo wa mama hauhesabiwi mzigo. Ni sehemu ya kuaga. Na kila lilipozima nilikuwa nimeutoa nje kwa mikono yangu mwenyewe nikitafuta spana, na kila likiwaka nikasifu spana.

“Ni nini?” mama aliuliza.

Nilimwonyesha. Aliinama, akaugusa mpira, akagusa madoa. Alielewa haraka kuliko nilivyotaka.

“Kumbe ni mimi,” alisema.

“Si wewe. Ni mkungu.”

“Mkungu haujiweki.”

Niliwasha gari. Liliwaka. Saa nne na dakika tano. Nilirudi nyuma nikakuta mama amesimama kando ya mzigo wake, mikono kiunoni, anautazama. Nduma na kabichi nilizipanga kushoto. Mkungu haukutosha huko. Ukilazwa, ungelala juu ya ule mpira. Ukisimamishwa, ungeanguka juu yake kwenye shimo la kwanza. Sikuwa na kamba.

“Mama, tuuache. Nitaurudia jioni.”

“Jioni utaukuta tumboni mwa ndovu.”

“Basi ndovu wale. Mchungaji anaondoka.”

Hakuinua sauti. “Baba yako angempeleka huyu mtoto kwa watu mikono mitupu?”

“Kuna nduma.”

“Nduma ni za kula,” alisema, na nilijua ana maana gani. Nduma ungempa yeyote. Mkungu wa namna ile, mzima, usiopungua hata kidole kimoja, ulisema kwamba binti huyu anatoka kwenye shamba lililotunzwa, na kwamba aliyekufa kwao hakufa na kila kitu.

Dada alitoa kichwa dirishani. “Leteni hapa nyuma. Nitaushika.”

“Na gauni?” mama alisema. “Utomvu hautoki. Hata ufue na magadi.”

“Nitavaa mara moja tu, mama.”

“Nyamaza.”

Mama alifungua mlango wake, akakaa, akavuta vitenge vyake vya zambarau vikakaa sawa juu ya magoti. Kisha akanyoosha mikono. “Nipe.”

Nilivitazama vile vitenge.

“Nipe, mwanangu. Umesema mchungaji anaondoka.”

Nilimwekea mkungu mapajani. Ulimfunika kuanzia magoti hadi kidevuni, na mkia wake ukapita dirishani. Alishika kikonyo kwa mikono miwili kama usukani. Niliendesha kwa kasi ambayo sikuwahi kuithubutu naye ndani, na hakusema pole pole, hata kwenye mashimo. Mara moja tu, kwenye mtelemko, nilisikia sauti kutoka nyuma ya ndizi: “Mnaona barabara? Mimi sioni.”

“Mimi naona kichwa chako tu,” dada alisema, “kimeota ndizi.”

Mama akacheka. Siku ile yote ndicho kicheko chake ninachokikumbuka. Kilikuja kwa vipande kwa sababu ya mawe ya njiani.

Tuliingia Rukanga saa tano kasoro dakika chache. Pikipiki ya mchungaji ilikuwa mbele ya kanisa, na mwenyewe alikuwa amesimama kando yake, kofia ya chuma mkononi, si kichwani. Watu walilikimbilia gari. Nilikuwa nimejiandaa kushuka nikamfungulia dada mlango, lakini katika gari la milango miwili huwezi kumtoa bibi harusi kabla hujamtoa wa mbele. Hivyo wa kwanza kuonekana alikuwa mama. Akina mama wa Rukanga walimpokea mkungu, wakauinua, na vigelegele vya kwanza vya harusi ile vilikuwa vya ndizi. Mama mkwe wa dada aliugeuza, akauhesabu vichane kwa macho, akamtazama mama. Hawakuwa wamewahi kukutana vizuri. Alimshika mikono yote miwili, pamoja na utomvu wake.

Gauni lilitoka jeupe. Vitenge vya mama vilikuwa na doa jeusi mapajani, kubwa kama sahani. Alipita nalo kanisani hadi kiti cha mbele, polepole, bila kuliziba kwa mkoba.

Jumatatu fundi aliusikiliza mkasa wote bila kunikatiza. Kisha akaenda nyuma ya gari, akalivuta zulia mwenyewe.

“Daftari lako, daktari,” alisema hatimaye, “li wapi?”

“Nyumbani.”

“Ongeza safu moja.”

Aliuinua ule mpira, akaufunga kwa waya juu kabisa karibu na kioo, ambapo hata mkungu wa Ronge usingeufikia. Hakutaka malipo. Alitaka ndizi, na nilimletea.

Nilidhani mambo yangerudi kama zamani. Lakini nilipopanda tena Ronge mama alinipa kifurushi kimoja cha nduma, akakiweka kwenye kiti cha nyuma. Nilimwambia gari limetengenezwa. Alisema ni vizuri. Jumamosi nyingine vile vile. Ya tatu nilikwenda shambani mwenyewe na panga, nikakata mkungu vibaya nikiwa na shati la kazi, nikauleta mpaka garini huku utomvu ukinimwagikia, nikauegemeza kulia. Alisimama mlangoni mwa jikoni akinitazama.

“Mkungu hukatwa hivyo?”

“Ndivyo nilivyofundishwa.”

“Hukufundishwa na mimi,” alisema, akaja akaugeuza ukae sawa. Aliinua macho, akautafuta mpira, akauona ulivyofungwa kule juu. Alibonyeza waya kwa kidole kuhakikisha. Tangu siku hiyo alijaza buti kama mwanzo, na kila mara, kabla sijafunga mlango, aliuliza, “Pumzi iko wapi?” Mimi nilimwonyesha.

Gari lile nililiuza baada ya miaka michache kwa mfanyabiashara aliyekuja Voi kutoka bara, nilipopata watoto na milango miwili ikawa haitoshi. Alikagua injini kwa makini, akauliza juu ya madoa meusi nyuma. Nilimweleza ni ndizi. Aliona si jambo la kupunguzia bei, na hakupunguza.

Siku hizi nina gari la milango minne ambalo halijawahi kunizimia. Mama tulimzika Ronge, kando ya baba. Dada yangu bado yuko Rukanga, na vile vitenge vya zambarau viko kwake, sandukuni. Alijaribu magadi, ndimu na jivu, kisha akaacha. Nikienda kumtembelea hunijazia buti kwa kunde na mbaazi, na mimi, ingawa gari hili halina mpira wowote mahali pale, huona mkono wangu unahamisha magunia kwenda kushoto.